Utangulizi: Wapenda Joto wa Tope la Majitaka

Somo hili huanzia katika matangi yaliyofunikwa, ambamo uchafu wa mji huoza bila hewa na kutoa gesi ya methani. Mwaka 1972 J. G. Zeikus na Ralph Wolfe wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walitangaza kiumbe kipya kutoka tope la majitaka la Urbana. Alistawi kwenye nyuzijoto 65 hadi 70 za Selsiasi, joto linalobabua mkono. Sukari hakuitaka, haidrojeni na kaboni dioksidi zilimtosha, na oksijeni ilimdhuru. Chini ya darubini alionekana kijiti tu, naye akaandikwa miongoni mwa bakteria.

Kabla ya jina, lakini, kuna kumtenga, na hapo ndipo wanafunzi wengi hukata tamaa. Mbinu tunayoitumia hadi leo ilibuniwa na Robert Hungate. Mchuzi wa chakula huchemshwa ili oksijeni itoke, chupa ikajazwa gesi isiyo na oksijeni, kisha ikatiwa sisteini au salfaidi ya kumalizia mabaki. Ndani yake huwekwa rangi iitwayo resazurini: ikigeuka waridi, hewa imepenya, anza upya. Tope huzimuliwa mara kumi, na mara kumi tena, mpaka chupa ya mwisho yenye uhai iwe imeanzia kwa seli moja au chache mno.

Wengine hawatengwi kwa urahisi. Pelotomaculum thermopropionicum, aliyeelezwa na watafiti wa Japani mwaka 2002, hupenda nyuzi 55 au karibu na hapo. Akiwa peke yake hawezi kuishi kwa propioneti, kwa sababu haidrojeni anayoitoa ikirundikana humzuia kuendelea. Ni kama mtwangaji anayehitaji mwenzake amwondolee unga kinuni. Mwenzake huyo ni mtengeneza methani anayeila haidrojeni hiyo. Kwa maoni yangu, uhusiano huu unavutia kuliko spishi yoyote ikitazamwa peke yake, na vitabu vingi huupitia haraka mno.

Siku hizi upya wa kiumbe hupimwa kwanza kwa jeni ya RNA ya ribosomu iitwayo 16S. Ufanano na jamaa wa karibu ukiwa chini ya asilimia 98.7, kuna dalili ya spishi mpya; jenomu nzima hulinganishwa pia. Hata hivyo, namba hazitoshi. Ili jina likubalike chini ya kanuni za majina ya bakteria, kiumbe hai sharti ahifadhiwe katika hazina mbili za vijidudu, zilizo katika nchi mbili tofauti, ili mwingine aweze kumwomba na kumjaribu.

Tumrudie yule wa Urbana. Katika chuo hichohicho Carl Woese alikuwa akilinganisha RNA ya ribosomu za viumbe mbalimbali. Wolfe akampatia seli za yule mpenda joto, na matokeo hayakufanana na ya bakteria yeyote. Mwaka 1977 Woese na George Fox walitangaza kwamba watengeneza methani ni ukoo mwingine kabisa, ambao leo tunauita Arkea. Tangu mwaka 2000 kiumbe huyo anaitwa Methanothermobacter thermautotrophicus. Ukisoma makala za zamani, mtafute chini ya Methanobacterium.