Ile 'Ndiyo' unayobonyeza kwenye kompyuta hailindi faili zako

Kabla hujaendelea kusoma, fungua ile folda ya vitu ulivyopakua kwenye kompyuta yako. Hebu angalia tu. Nakala ya kitambulisho iko? Cheti cha PIN ya KRA? Slipu ya KCSE, picha za pasipoti za mtu ambaye hata humkumbuki?

Yangu ilikuwa na hayo yote, na mengi hayakuwa yangu. Mimi huandikia watu CV mtaani, huwajazia ritani za KRA mwezi wa Juni ukielekea kuisha, na wadogo zao huwasaidia kuomba HELB. Mtu akishalipa mia mbili zake, anaenda. Nakala zake hubaki kwangu. Sikuwahi kufikiria kuzifuta, kwa sababu mwaka ujao si atarudi?

Halafu beshte mmoja akaniletea programu ya kuhariri video kwa flashi. Ile halisi hulipiwa kwa dola kila mwezi na mimi chaneli yangu haikuwa imeniletea hata pesa ya bando. Hii ilikuwa imevunjwa kufuli, bure kabisa, na ndani kulikuwa na karatasi ya maelekezo: zima antivairasi kwanza, kisha ifungue kama msimamizi wa mashine. Nilitii kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Programu ikafunguka vizuri, nikahariri video mbili, nikalala.

Siku ya tatu chaneli yangu ilikuwa na jina jingine na ilikuwa inatangaza sarafu za kidijitali mubashara. Sasa sikiza. Nenosiri langu lilikuwa refu kuliko sala ya jioni. Nilikuwa nimeweka uthibitishaji wa hatua mbili. Hakuna msimbo wowote ulioingia kwa simu yangu usiku huo. Jamaa hakubisha hodi mahali popote.

Nilisomea kompyuta miaka miwili kabla ya karo kunishinda, na jambo nililokuja kujifunza wiki hiyo sikumbuki kulisikia darasani hata siku moja. Ni hili: kompyuta yako haikuulizi maswali ambayo simu yako hukuuliza.

Kwa simu umezoea. Umeweka programu ya tochi, inaanza kuomba majina ya watu unaowasiliana nao, unaikatalia, maisha yanaendelea. Android huipa kila programu chumba chake na kuifungia humo. Ikitaka kamera, mahali ulipo au picha zako, lazima ikuombe.

Sasa nenda kwa Windows. Programu ya kawaida unayopakua na kuifungua hufanya kazi kwa mamlaka yako wewe. Kwa macho ya mashine, programu hiyo ni wewe umeketi pale kwenye kiti. Faili ambayo wewe unaweza kuifungua, nayo inaweza: nyaraka, picha, na vile vitu ambavyo kivinjari chako kimehifadhi. Haikuombi lolote.

Utaniuliza, na ile skrini inayofifia ikauliza Ndiyo ama Hapana? Hiyo huuliza kama programu iruhusiwe kubadilisha mfumo wenyewe, yaani mambo yanayomhusu kila anayetumia mashine hiyo. Faili zako hazimo kwenye swali hilo. Ungebonyeza Hapana, na programu ikubali kufunguka bila mamlaka hayo, bado ingeweza kusoma kitambulisho cha mama ya watu. Mimi nilibonyeza Ndiyo, nikaongezea na mfumo juu yake. Nilikuwa mkarimu.

Mbona ikaundwa hivi? Si uzembe tu. Mifumo hii ilirithi mawazo ya enzi ambapo kompyuta moja ilitumiwa na watu wengi. Unix ilianza mwaka wa 1969 katika maabara za Bell kule Marekani, na hofu ya wakati huo ilikuwa mtumiaji mmoja asichungulie faili za mwenzake. Kwamba adui angekuwa programu uliyoifungua mwenyewe, kwa mkono wako, halikuwa tatizo lao kubwa. Leo ndilo tatizo letu.

Rudi kwa chaneli yangu. Ukishaingia kwenye akaunti, tovuti huweka kwa kivinjari chako kitu kidogo kinachoitwa kidakuzi, ndiyo sababu huulizwi nenosiri kila ukifungua ukurasa. Ni kama ile bangili ya karatasi unayofungwa mkononi getini ukienda shoo. Umekaguliwa tiketi mara moja, baada ya hapo bauncha anaangalia mkono tu. Mwizi akikunyang'anya bangili, tiketi ya nini? Ndiyo maana sikupata msimbo. Mtandao uliona mtu ambaye tayari yuko ndani.

Programu za kuiba vitu hivi zina soko lake kabisa. Moja inaitwa Lumma, na hukodishwa kwa wezi kama vile wewe hulipia filamu kila mwezi. Mei 2025, Microsoft na washirika wake walipoizima mitambo yake mingi, walisema kwamba kati ya Machi 16 na Mei 16 pekee walikuwa wamebaini zaidi ya kompyuta 394,000 za Windows zilizoambukizwa duniani. Google nao walikuwa wameongeza kufuli mpya kwa vidakuzi kwenye Chrome ya Windows mnamo Julai 2024, ili programu nyingine isivisome kirahisi. Kufikia Septemba mwaka huo huo wezi walikuwa washaanza kujigamba wamepata njia ya kuizunguka. Hiyo ni mbio isiyoisha.

Wenye Mac, najua mnacheka. Ngojeni kidogo.

Ni kweli Apple walijaribu zaidi. Tangu toleo la Mojave la mwaka wa 2018, programu ya Mac lazima iombe ruhusa kabla ya kutumia kamera na kipaza sauti, na baadaye wakaongeza kurekodi skrini na folda kama za nyaraka na vitu ulivyopakua. Majibu yako huandikwa kwenye daftari dogo la kidijitali ndani ya mashine. Shida ni kwamba daftari likishakuwa ndilo linaloamua, mwizi hahangaiki tena na wewe. Anahangaika na daftari.

Mwishoni mwa 2021 Apple waliziba tundu ambalo watafiti wa Microsoft walilibatiza powerdir. Ujanja wenyewe ulikuwa rahisi hadi unaudhi: mshambulizi anabadilisha mahali mfumo unapodhani nyumba yako iko, huko anaweka daftari lake bandia ambalo tayari limeandikwa "ameruhusiwa", na mfumo unalisoma hilo. Miezi michache kabla, Mei 2021, kampuni ya Jamf ilikuwa imegundua virusi viitwavyo XCSSET vikipiga picha za skrini za watu bila kuomba. Vilijipachika ndani ya programu ambayo mtumiaji alishairuhusu kurekodi skrini, kama ile ya mikutano ya video, na vikarithi ruhusa yake. Kisha Agosti 2024 watafiti wa Cisco Talos wakaeleza kasoro nane katika programu za Microsoft za Mac, zikiwemo Word, Outlook na Teams. Mtindo ni ule ule wa kurithi: unaingiza kipande cha msimbo ndani ya programu yenye ruhusa ya kamera, na kamera inakuwa yako pia. Microsoft walisema hatari ni ndogo, ingawa walirekebisha baadhi ya programu hizo.

Kwa hivyo ukiruhusu programu moja, umemruhusu pia yeyote atakayefaulu kuivaa kama koti. Mimi hilo ndilo lilinibadilisha mawazo. Zamani nilikuwa nauliza, "Je, naiamini programu hii?" Siku hizi nauliza kama naihitaji kuwa na kamera hata wakati sina mkutano.

Watu wa Linux wako wachache hapa, nitapita haraka: kwenye mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha, X11, programu yoyote inaweza kusikiliza unachoandika kwenye dirisha la programu nyingine. Wayland imeziba hilo. Angalia unatumia upi.

Basi ufanyeje, na wewe una mashine ya ex-UK ya elfu kumi na tano kama mimi?

Kilichonisaidia zaidi hakikunigharimu hata bob. Nilifungua akaunti mbili za watumiaji kwenye Windows. Moja ni ya kazi: vitambulisho vya watu, KRA, barua pepe, benki. Ya pili ni ya kawaida, isiyo na mamlaka ya msimamizi, na huko ndiko najaribu programu nisizozijua. Kumbuka ile hofu ya wazee wa Unix? Windows nayo inajua kuzuia mtumiaji mmoja asisome folda za mwingine. Tunawageuza wazee wawe walinzi wetu. Lakini ukiambiwa uweke nenosiri la msimamizi na ukaliweka, ukuta huo umeubomoa mwenyewe.

Programu iliyovunjwa kufuli, acha. Najua, najua, mimi ndiye wa kuongea. Lakini programu inayokuomba uzime antivairasi kwanza imeshakwambia ilikuja kufanya nini. Kdenlive na Shotcut ni za bure na halali, na kwa video za TikTok hakuna mtu atagundua tofauti. Ukiwa na shaka na faili, ipandishe kwenye VirusTotal ikakaguliwe na antivairasi nyingi kwa mpigo. Usipandishe CV ya mteja huko lakini, kwa sababu faili hizo wengine wanaweza kuzifikia.

Pita pia kwenye mipangilio, sehemu ya faragha. Windows itakuonyesha ni programu gani ilitumia kamera na lini. Ila programu za kawaida za kompyuta zote zina swichi moja: unaziruhusu zote au unazikatalia zote, na Microsoft wenyewe wanakiri zipo zinazoweza kupita pembeni. Kwa hivyo kipande cha karatasi juu ya kamera si ushamba. Kwa Mac, anza na orodha ya walioruhusiwa kufikia diski nzima na ya wanaorekodi skrini. Toa usiowakumbuka. Na kama umeshaibiwa, usibadilishe nenosiri kwa mashine hiyo hiyo. Chukua simu iliyo safi, ondoa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, ndipo ubadilishe. Ukiwaondoa wote, ile bangili inakuwa karatasi tu.

Mimi chaneli ilirudi baada ya wiki tatu. Lakini si chaneli iliyoninyima usingizi. Ni ile folda. Nilihesabu watu kumi na wanne waliokuwa na nakala ndani yake, na sikuwa na njia ya kujua kama zilichukuliwa. Nikaanza kupiga simu. Mmoja alinitukana hadi nikashukuru bando limeisha. Wengine walisema "sawa tu", kwa sauti ya mtu ambaye hajaelewa, na hao ndio walionisumbua zaidi.

Wa mwisho alikuwa mama mmoja anayeuza mboga karibu na stendi yetu. Huyo nilienda mwenyewe. Nikamweleza, akaendelea kukata sukuma bila kuinua macho, kisha akauliza, "Kwa hivyo, kijana wangu, huyo mtu anaweza kukopa kwa jina langu?"

Nikamwambia inawezekana, mama. Tukashika simu yake, tukapiga *106#, ambayo kwa laini ya Safaricom inaonyesha nambari zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Zikatokea mbili. Moja yake, nyingine ni aliyomsajilia mwanawe wa mwisho. Akapumua, akanifungia sukuma ya ishirini ambayo sikuwa nimeitisha.

Juni hii alirudi na PIN yake kwa ritani. Nilipomaliza hakuondoka. Alivuta kiti karibu na kompyuta, akavaa miwani, akaniambia, "Sasa futa nikiona."