Kuhama, Kuhamishwa na Kubadilishana: Msamiati wa Habari za Besiboli Baina ya Misimu

Msimu wa besiboli ya Marekani humalizika kwa fainali iitwayo World Series, mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Kambi za mazoezi katika majimbo ya Arizona na Florida hufunguliwa Februari. Kati ya tarehe hizo hakuna mechi ya ligi inayochezwa, lakini habari huzidi kuwa nyingi: tuzo hutangazwa, mikataba hutiwa saini, na wachezaji hutoka klabu moja kwenda nyingine.

Mfasiri wa Kiswahili anayezipokea habari hizo tayari ana msamiati mkononi, yaani ule wa usajili wa kandanda uliokomazwa na magazeti na redio za Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Msamiati huo ni hazina, ila sehemu yake kubwa haiingii katika besiboli bila kupotosha maana, kwa kuwa taratibu za michezo hii miwili hazifanani. Makala haya yanaeleza maneno yanayofaa na yasiyofaa. Kipimo kinachotumika karibu kila mahali ni swali moja: ni nani aliyeamua?

Jina la kipindi chenyewe

Kiingereza hukiita kipindi hiki "off-season". Tafsiri ya neno kwa neno, *nje ya msimu*, huleta picha ya matunda yaliyokosa wakati wake. *Baada ya msimu* nayo ina hatari nyingine: Wamarekani wana neno "postseason" kwa maana ya hatua ya mtoano, ambayo huanza kila timu ikishamaliza mechi zake 162. *Mapumziko* likiachwa peke yake humpeleka msomaji kwenye zile dakika 15 za katikati ya mchezo wa kandanda. Istilahi iliyo wazi ni kipindi cha baina ya misimu.

*Dirisha la usajili* pia liepukwe. Katika kandanda dirisha hufunguliwa na kufungwa kwa tarehe maalumu, na usajili wa kawaida hufanyika humo. Katika besiboli klabu zinaweza kuingia mkataba na mchezaji huru mwezi wowote wa kipindi hiki, bila dirisha la namna hiyo. *Soko la wachezaji* ni neno salama zaidi.

Kitenzi *hama* na minyambuliko yake

*Hama* ni kitenzi ambacho mtendaji wake ndiye anayeondoka. *Hamia* huongeza mahali anapokwenda. *Hamisha* ni kauli ya kutendesha: mtu mwingine ndiye anayesababisha kuondoka. Katika *hamishwa*, anayetajwa mwanzoni mwa sentensi ni mtendwa, hata kama ndiye mtu maarufu kuliko wote katika habari hiyo.

Katika kandanda tofauti hii huweza kulegezwa. Klabu mbili zikishaafikiana bei, mchezaji bado hulazimika kukubali masharti yake binafsi, na hivyo *amehama* na *amehamishwa* hukaribiana. Katika besiboli hali ni tofauti. Klabu inaweza kumpeleka mchezaji mwenye mkataba kwenye klabu nyingine bila kumwomba ridhaa, naye huenda na mkataba wake uleule. Wanaoweza kukataa ni wachache: waliowekewa kifungu cha kukataa katika mkataba, na waliotimiza miaka 10 katika ligi kuu, mitano ya mwisho ikiwa katika klabu hiyohiyo.

Safari ya Juan Soto ni mfano mzuri. Baada ya kukataa ofa ya Washington Nationals iliyoripotiwa kuwa ya miaka 15 na dola milioni 440, alipelekwa San Diego Padres Agosti 2022. Desemba 2023 Padres nao walimpeleka New York Yankees. Desemba 2024, akiwa mchezaji huru, alichagua mwenyewe kujiunga na New York Mets kwa mkataba wa miaka 15 wenye thamani ya dola milioni 765. Sentensi *Soto amehama mara tatu* ni sahihi kwa hesabu tu. Iliyo sahihi kwa maana ni hii:

*Soto alihamishwa mara mbili kabla ya kuhamia Mets.*

Msomaji wa sentensi hiyo huelewa bila maelezo zaidi kwamba safari mbili za kwanza ziliamuliwa na wengine, na ya tatu ikaamuliwa na Soto.

Kubadilishana, si biashara

Neno "trade" ndilo linalowaponza wafasiri wengi, kwa sababu maana ya kwanza katika kamusi ni *biashara*. Habari ikisema *Yankees na Padres wamefanya biashara*, msomaji hajui ni biashara ya nini. Ikisema *biashara ya wachezaji*, jambo linazidi kuwa baya. Tendo lenyewe ni la pande mbili, na Kiswahili kina kiambishi cha kutendana kwa kazi hiyo hasa: kubadilishana wachezaji, na nomino yake ubadilishanaji wa wachezaji.

Kwa kuwa kitenzi hiki kinahitaji pande mbili, sentensi nayo ionyeshe pande zote mbili. Desemba 2023 Padres walimtoa Soto pamoja na Trent Grisham, nao wakapokea wachezaji watano: Michael King, Drew Thorpe, Jhony Brito, Randy Vásquez na Kyle Higashioka. Kichwa cha habari *Yankees wamsajili Soto* huwafuta watu sita kwa mara moja. Kitenzi *sajili* kibaki kwa mchezaji huru aliyeingia mkataba kwa hiari yake.

Kuhusu upatanisho wa kisarufi, mwandishi achague njia moja na kuifuata. Jina la timu likitumika peke yake kwa maana ya watu, huchukua viambishi vya watu: *Yankees walibadilishana wachezaji na Padres*. Likitanguliwa na neno *klabu*, upatanisho hufuata neno hilo: *klabu ya Yankees ilibadilishana wachezaji na klabu ya Padres*. Kosa la kawaida ni kuanza na njia ya kwanza na kumalizia na ya pili ndani ya aya moja.

Lini kusema *aliuzwa*

Kitenzi *uza* kina mahali pake. Desemba 1919 Boston Red Sox walikubali kumtoa Babe Ruth kwa Yankees kwa dola 100,000. Fedha zilikwenda upande mmoja na mchezaji upande wa pili, kwa hiyo *aliuzwa* ndilo neno hasa. Mchezaji anapotolewa kwa ajili ya wachezaji wengine, *aliuzwa* si sahihi, hata kama klabu moja imeongeza kiasi cha fedha juu yake.

Kwa sababu hiyohiyo *ada ya uhamisho* haina kazi katika mazungumzo ya klabu za Marekani zenyewe. Inakaribia kufaa pale mchezaji anapotoka Japani kabla ya kupata uhuru wake kamili. Yoshinobu Yamamoto alipotia saini mkataba wa miaka 12 na dola milioni 325 na Los Angeles Dodgers Desemba 2023, klabu yake ya zamani, Orix Buffaloes, ililipwa zaidi ya dola milioni 50 kwa kumwachia. Hapo pafaa kusema ada ya kumwachia mchezaji.

Mchezaji huru

"Free agent" si *wakala huru*. Katika Kiswahili cha michezo wakala ni yule anayemwakilisha mchezaji katika mazungumzo ya mkataba. Wakala wa Soto, kwa mfano, ni Scott Boras. Ukiandika *wakala huru Soto* umemgeuza mteja kuwa mwakilishi wake. Mchezaji huru ndiyo istilahi sahihi, nayo imekwisha kuzoeleka katika kandanda. Tahadhari ni moja: *huru* isichanganywe na *bure*. Kandanda humzungumzia mchezaji huru kama mtu anayepatikana bila ada, na pengine kwa bei nafuu. Katika besiboli mchezaji huru, ambaye kwa kawaida amefikia hali hiyo baada ya miaka sita ya utumishi katika ligi kuu, mara nyingi ndiye ghali kuliko wote sokoni.

Neno *huru* hapa lina historia nzito. Oktoba 1969 Curt Flood, Mmarekani mweusi aliyekuwa amechezea St. Louis Cardinals kwa misimu 12, aliarifiwa kwamba alikuwa amejumuishwa katika ubadilishanaji na Philadelphia Phillies. Wakati huo kanuni za ligi zilimfunga mchezaji kwa klabu yake hata baada ya mkataba kwisha, mpaka klabu yenyewe itakapomwacha. Desemba 24 Flood alimwandikia kamishna Bowie Kuhn kwamba yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa bila kujali matakwa yake. Alikwenda mahakamani, na mwaka 1972 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ikaamua dhidi yake kwa kura 5 kwa 3. Kazi yake uwanjani ilikuwa imekwisha. Desemba 1975 mwamuzi wa migogoro ya kazi Peter Seitz aliamua kwa manufaa ya warushaji Andy Messersmith na Dave McNally, na kifungo kile kikavunjika. Soko la leo lilianzia hapo.

Mfasiri anayeandika *ameuzwa* pasipo sababu hurudisha neno ambalo Flood alilipinga kwa gharama ya kazi yake. Wasomaji wa Kiswahili nao hawalisomi neno hilo kwa wepesi linapomhusu binadamu. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na kumbukumbu yake ingali katika lugha.

Uamuzi wa mshahara, si usuluhishi

Kabla ya kufikia uhuru, mchezaji mwenye takriban miaka mitatu hadi sita ya utumishi ana haki ya mshahara wake kuamuliwa na jopo endapo yeye na klabu watashindwa kuafikiana. Wengi hutafsiri "arbitration" kuwa *usuluhishi*. Kusuluhisha ni kuwakutanisha wagombanao katikati, na jopo hili haliruhusiwi kufanya hivyo. Mchezaji hutaja kiasi kimoja, klabu hutaja kingine, na jopo huchagua kimojawapo bila kuongeza wala kupunguza. Tanzania ina chombo kiitwacho Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na jina hilo tayari limeyatenga mambo mawili. Istilahi ifaayo ni uamuzi wa mshahara. Hata hivyo isemwe *jopo la uamuzi*, si *waamuzi* peke yake, kwa kuwa katika ukurasa wa michezo waamuzi ni wale wanaosimamia mchezo uwanjani.

Malipo yaliyoahirishwa

Desemba 2023 Shohei Ohtani alitia saini mkataba wa miaka 10 na Dodgers wenye thamani ya dola milioni 700, ambazo milioni 680 kati yake zitalipwa kuanzia 2034 hadi 2043. Malipo hayo *hayakucheleweshwa*. Mshahara uliocheleweshwa ni kosa la mwajiri na sababu ya mgomo. Haya yaliahirishwa kwa makubaliano, na maneno hayo mawili ya mwisho yasiachwe.

Tuzo

Besiboli ya Marekani ina ligi mbili, American League na National League, na kila tuzo kuu hutolewa mara mbili. Kwa hiyo *Mchezaji Bora wa besiboli* ni maneno pungufu. Ligi lazima itajwe. Mwaka 2024 Aaron Judge wa Yankees alikuwa Mchezaji Bora wa American League na Ohtani Mchezaji Bora wa National League, kila mmoja akiwa chaguo la kwanza la wapiga kura wote. *Mchezaji mwenye thamani kubwa*, ingawa liko karibu zaidi na maneno ya Kiingereza, humfanya msomaji afikirie bei.

Tuzo ya Cy Young hubaki na jina la mrushaji huyo wa zamani, aliyeshinda mechi 511. Ni tuzo ya warushaji, na inafaa kuelezwa mara ya kwanza inapotajwa: *Tuzo ya Cy Young, apewayo mrushaji bora wa ligi*. Tarik Skubal na Chris Sale ndio waliotunukiwa mwaka 2024.

Tuzo ya wageni wa ligi isiitwe ya *makinda*. Kinda hupimwa kwa umri, ilhali tuzo hii hupimwa kwa uzoefu katika ligi hizo mbili tu. Ichiro Suzuki aliipata mwaka 2001, kwa msimu alioucheza akiwa na umri wa miaka 27, baada ya misimu tisa nchini Japani. Mchezaji Bora wa Msimu wa Kwanza ni jina lisilo na utata.

Tuzo hizi hutolewa kwa kura za chama cha waandishi wa besiboli wa Marekani. Kura hupigwa kabla ya hatua ya mtoano na matokeo kutangazwa Novemba. Hivyo sentensi *Ohtani alipata tuzo kutokana na kutwaa World Series* inapindua mpangilio wa mambo: Dodgers walitwaa taji hilo mwaka 2024 kura zikiwa zimekwisha kupigwa. Vitenzi navyo vipimwe. *Kunyakua* humfanya mchezaji mtendaji pekee. Kutunukiwa huwakumbusha wasomaji kwamba kuna waliopiga kura.

Kwa muhtasari

Mchezaji huru *huhamia* au *husajiliwa*. Mwenye mkataba *huhamishwa*. Klabu *hubadilishana*. Jopo *huamua*. Waandishi *hutunuku*. Kiswahili kina uwezo wa kuyasema haya yote ndani ya mzizi na viambishi vya kitenzi. Mfasiri anayejua ni nani aliyeamua huwa tayari amepata kitenzi chake.