Hasheem, Mdogo Wangu na Ile Milioni Nne

Mimi na mume wangu tuligombana miezi miwili mizima kwa sababu ya Hasheem Thabeet. Ndiyo, huyohuyo mrefu wetu wa NBA. Hatujui wala hatumjui, lakini kuna usiku hapa Kibiti tulilala mzungu wa nne kwa ajili yake.

Chanzo ni mdogo wangu. Ana miaka 17, yuko kidato cha nne, na anakaa kwetu kwa sababu nyumbani kule delta kwenda shule ni mpaka upande mashua. Ana futi 6 na inchi 8. Mlangoni huinama, na kitanda chake tumekiongezea benchi upande wa miguu. Kikapu kaanza kukicheza mwaka jana tu. Zamani urefu wake ulikuwa na kazi moja, kuangua madafu ya minazi mifupi bila kupanda.

Basi akaja kaka mmoja kutoka Dar, anajiita wakala. Akamwona uwanjani, akasema huyu ni wa Marekani, shule ya kusomeshwa bure ipo, ila aondoke sasa hivi, mambo ya mtihani wa kidato cha nne ayasahau. Alitaka shilingi milioni 4 za "maandalizi". Baba, ambaye mafuriko ya Aprili 2024 yalimfagilia mpunga wote shambani, akasema atauza mikorosho. Mimi nikashangilia. Mume wangu ni mwalimu, na mnawajua walimu. Akasema haendi mtu.

"Mbona Hasheem alikwenda?" nikamwuliza.

"Na akaishia wapi?"

Hilo swali liliniuma, kwa sababu sikuwa na jibu. Kama Watanzania wengi, nilijua alifika NBA na nilijua watu humcheka. Katikati hapo sikujua kitu. Nikakaa chini nikafuatilia.

Hasheem kazaliwa Dar es Salaam, Februari 1987. Kikapu alianza kukigusa akiwa na miaka kama 15, umri ambao vijana wa Marekani wameshacheza miaka kumi. Akaenda Marekani akiwa bado wa sekondari, akapita shule zaidi ya moja, akamalizia Cypress Christian huko Houston. Mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut, chini ya kocha Jim Calhoun. Wenzangu msiofuata michezo, mjue kwamba kule timu ya chuo si mchezo wa bonanza. Viwanja vinajaa kama Simba na Yanga, na mechi zinaoneshwa nchi nzima.

Na hapo chuoni, jamani, alikuwa moto! Mwaka 2008 na tena 2009 alitajwa mlinzi bora wa Big East, mojawapo ya ligi kali za vyuo wakati huo. Msimu wa 2008/09 alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na mitupo 4.2 aliyoizima kwa kila mechi. Mwaka huohuo aligawana na DeJuan Blair wa Pittsburgh tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Timu yao ikafika nusu fainali ya taifa, ikafungwa na Michigan State 82 kwa 73 mjini Detroit.

Hapo ndipo alipofanya uamuzi ambao mimi na mume wangu tumeujadili kuliko bajeti ya nyumba. Alikuwa amemaliza miaka mitatu chuoni, bado mmoja. Akaondoka kwenda kazini. Juni 25, 2009, siku ambayo timu za NBA huchagua chipukizi kwa zamu, Memphis Grizzlies wakamchukua wa pili, nyuma ya Blake Griffin. Mtanzania wa kwanza kufika huko. James Harden alichaguliwa wa tatu. Stephen Curry, wa saba.

Ukiwa wa pili halafu watatu na saba ndio hao, kila mtu atakupimia kwao. Curry amekuwa mchezaji bora wa NBA mara mbili, Harden mara moja. Hasheem alifika Memphis akakuta nafasi yake ina mwenyewe, Marc Gasol. Msimu wa kwanza alipata wastani wa pointi 3.1. Februari 2010 wakampeleka kucheza ligi ndogo na Dakota Wizards, kule North Dakota, kijana wa Dar kwenye theluji. Hakuna aliyechaguliwa juu kama yeye aliyekuwa ameshawahi kushushwa huko. Mwaka uliofuata Houston, kisha Portland 2012, kisha misimu miwili Oklahoma City. Baada ya 2014 NBA ikaisha. Jumla mechi 224, wastani wa pointi 2.2.

Mume wangu aliposikia hizo takwimu akatabasamu lile tabasamu lake la kusahihisha madaftari. Nikamwambia subiri, sijamaliza.

Kwa sababu huyu mtu hakuacha. Mwaka 2017 alikwenda Japani kuichezea Yokohama B-Corsairs. Januari 2020, karibu miaka 33, akarudi kwenye ligi ndogo ileile, safari hii Fort Wayne, tena hakuna aliyemlazimisha. Mwaka huohuo akahamia Taiwan. Wangapi wetu tungeweza kurudi kuanza upya mahali tulipowahi kuaibikia?

Lakini nilipokuwa namtetea ndipo nikajisikia nabadilika. Nilikuwa naitazama ile miaka. Kutoka kushika mpira mara ya kwanza hadi kuchaguliwa wa pili ni kama miaka saba. Urefu ulikuwa tayari zamani. Ufundi ulikuwa bado njiani, na palipohitajika muda, alikuta ushindani na presha. Sisemi angebaki chuoni mwaka mmoja zaidi angekuwa Curry, na mamilioni ya dola hayasubiri mtu. Hata mimi ningesaini! Nasema tu kwamba hata yeye alipitia sekondari kwanza, akacheza chuo miaka mitatu kwa kocha anayejulikana. Na huyu wetu ana mwaka mmoja wa kikapu, na tunataka kuuza mikorosho.

Nikampigia yule kaka. Nikamwuliza jina la shule. Akasema nitaambiwa. Nikaomba barua ya shule, hata picha yake kwenye simu. "Dada, nafasi zinaisha, wenzenu wanalipa." Nikamwuliza kama hela naweza kulipa shuleni moja kwa moja. Akakata. Hajapiga tena mpaka leo.

Mdogo wangu alilia. Futi 6 na inchi 8, analia jikoni kwangu. Siku tatu hakunisalimia, na mimi nilimwelewa. Aliyemtoa chumbani ni shemeji yake, yule aliyesema haendi mtu. Alimwambia afanye mtihani Novemba, na hadi wakati huo kila jioni saa 11 wataenda wote uwanjani. Mume wangu hajui hata sheria ya hatua mbili! Kazi yake ni kuokota mipira na kuhesabu. Juzi wamerudi wakibishana, mwalimu anasema mitupo huru iliyoingia ni 31 kati ya 50, kijana anasema 33.

Baba tulimfuata wenyewe hadi Nyamisati, alikuja na mashua ya asubuhi. Alisikiliza, akauliza kama hela ameshapewa mtu. Tukasema hapana. Akasema, "Basi mikorosho ibaki."

Kilichobaki ni viatu. Mguu wake ni namba 50, na Kibiti nzima hakuna. Tulikwenda Karume, tukazunguka mtumba mpaka jua likazama. Muuzaji mmoja ametuahidi balo jipya litafunguliwa Jumamosi, tuwahi kabla ya saa moja.