Filimu za bunduki, na sisi wamama

Siku ya posho jioni, umeme ukiwepo, watoto wanataka filimu za vita tu. Sisi milio ya bunduki tumeisikia ya kutosha bila sinema. Hata hivyo moja tunaisifu: Saving Private Ryan (1998). Wengi husimulia askari walivyotua pwani ya Normandie, kule Ufaransa. Sisi tunamkumbuka mama wa shambani anayeosha vyombo. Anaona motokari inakuja, mtumishi wa Mungu anashuka, naye magoti yanamwishia. Kati ya wana wake wanne, watatu wamekufa. Hasemi neno.

Kwa filimu za mashaka, Rear Window ya Hitchcock (1954) inatutosha. Mwanaume aliyevunjika mguu anakaa dirishani kuchungulia majirani. (Mtaani kwetu angegunduliwa siku ya kwanza!) Damu hatuioni, lakini hakuna aliyesinzia.

Za makoboyi nyingi zinafanana: farasi, vumbi, wanawake nyuma ya pazia. High Noon (1952) ni tofauti. Mkuu wa usalama anaomba msaada hata kanisani, wanaume wanampa sababu tu. Mke wake Amy, ambaye imani yake inakataza bunduki, amekwisha panda treni aende zake. Anasikia mlio, anashuka mbio, na ndiye anayempiga risasi mmoja wa majambazi wanne.

Alifanya vema? Baba na kaka yake waliuawa kwa bunduki, ndiyo maana aliichukia. Kati yetu wengine wanasema aliokoa ndoa yake. Wengine bado wanakataa.