Mkate wa Punjab Wenye Mboga Ndani

Wasomaji wetu wa Goma, Bukavu na Lubumbashi waijua chapati tangu utoto wao. Jina lenyewe latoka India. Hata hivyo, mama wa Punjab, katika India ya kaskazini, akiiona chapati yetu iliyopakwa mafuta, ikakunjwa na kusukumwa tena, hataiita chapati. Kwake chapati ni mkate mwembamba uliookwa juu ya chuma pasipo mafuta. Ule wenye matabaka na samli huitwa paratha. Na katika ukoo huo wa paratha umo mmoja ambao kwetu haujulikani sana: ule uliojazwa mboga na viungo kabla ya kusukumwa. Habari zake ndizo twataka kuzieleza leo.

Twaandika tukiwafikiria akina mama wanaoandaa chakula cha Ijumaa za Kwaresima. Katika nyumba nyingi siku hiyo watoto huona kana kwamba wameadhibiwa: ni ugali na sombe vilevile, ila nyama imeondolewa. Huko India wako mamilioni ya watu wasioonja nyama maisha yao yote kwa sababu ya dini yao. Hao hawakuichukua mboga kama kitu cha kuziba pengo. Waliifanya iwe chakula kamili, chenye harufu na ladha, kinachongojewa mezani kwa furaha. Katika jambo hilo ni walimu wetu.

Ajabu ni kwamba vitu viwili vinavyotangulia ndani ya mkate huo si vya India. Viazi na pilipili vyote viwili asili yao ni Amerika. Wareno, ambao Vasco da Gama aliwafikisha pwani ya India mwaka 1498, ndio walioleta pilipili katika karne iliyofuata. Kabla ya hapo ukali wa chakula ulitoka katika pilipili manga na tangawizi. Ndivyo mihogo na mahindi navyo vilivyotufikia sisi kutoka Amerika, na leo nani angesema kwamba mihogo ni chakula cha kigeni?

Tuje kwenye kazi yenyewe. Kwa mikate minane, twaa nusu kilo ya unga wa ngano, kijiko kidogo cha chumvi, na maji yapata gramu 300, ukiyatia kidogo kidogo. Punjab hutumia unga usioondolewa pumba. Wetu mweupe wafaa pia, ila hutaka maji machache zaidi. Kanda mpaka donge liwe laini lisiloshika vidole, kisha ulifunike kwa kitambaa chenye unyevu nusu saa. Asiyengoja atajuta: ndani ya ngano mna utomvu unaovutika kama mpira, nao ukitoka kukandwa huwa mkaidi, donge hurudi nyuma kila unapolisukuma. Likipumzika, hutii.

Viazi, vile ambavyo Kivu twaviita birayi, nusu kilo, vichemshwe na maganda yake ili visinywe maji. Vimenye, vipoe kabisa, kisha uviponde mpaka pasibaki hata kidonge kimoja, kwa kuwa kidonge hicho ndicho kitakachotoboa mkate. Changanya na pilipili mbichi iliyokatwakatwa, tangawizi iliyosagwa, majani ya giligilani, bizari nyembamba iliyokaangwa pasipo mafuta na kutwangwa, na chumvi. Wapunjabi huongeza unga wa maembe mabichi yaliyokaushwa, unaoleta uchachu kama wa limau. Kwetu matone machache ya limau yatosha, lakini yawe machache kweli.

Maana adui wa mkate huu ni maji. Hapo ndipo wengi hushindwa, hasa wakitumia figili au koliflawa, mboga mbili zipendwazo sana huko wakati wa baridi. Mboga ya namna hiyo hukwaruzwa ikiwa mbichi, hutiwa chumvi, huachwa robo saa, kisha hukamuliwa kwa mikono yote miwili mpaka isitoe tone. Chumvi huyavuta maji nje. Usipoyatoa wewe mapema, yatatoka yenyewe ndani ya donge na kulipasua. Kabeji ya milima yetu yafuata sheria hiyohiyo, nayo kwa maoni yetu yashinda koliflawa.

Sasa gawa unga madonge manane. Tandaza moja kwa vidole, kingo ziwe nyembamba na katikati pawe pazito. Weka mboga katikati, kusanya kingo juu kama mfuko wa fedha, zifinye zishikamane, kisha ubonyeze donge kwa kiganja. Linyunyizie unga, ulisukume polepole ukianzia katikati, bila kulikandamiza. Chuma kiwe cha moto, na mkate uwekwe kwanza pasipo mafuta. Vipovu vikionekana, geuza. Paka samli, geuza tena, na ubonyeze kingo kwa kijiko mpaka madoa ya kahawia yatokee pande zote mbili. Huliwa moto, pamoja na maziwa ya mgando na achari.

Mkate huu wa wakulima umesafiri sana. Reli ya Mombasa hadi Ziwa Victoria ilipojengwa, kati ya 1896 na 1901, Waingereza walileta zaidi ya wafanyakazi 31,000 kutoka India, wengi wao watu wa Punjab, walaji wa mkate wa ngano. Karibu 2,500 kati yao walifia huku. Tena mwaka 1947, India na Pakistan zilipotenganishwa, Punjab ilikatwa vipande viwili. Mamilioni ya watu walihama kwa miguu na kwa magari ya moshi, na wengi mno waliuawa njiani. Wakimbizi wa Punjab waliujaza mji wa Delhi, na wengi wao, wakiwa wamepoteza shamba na nyumba, walianza upya kwa kuuza chakula walichokijua. Sisi tuishio Kivu hatuhitaji kufafanuliwa habari hizo. Twajua mama anaweza kupoteza vyote akabaki na mikono inayojua kukanda, na kwamba kwa mikono hiyo watoto watakula jioni.

Neno moja lililobaki. Paratha ya viazi ikipoa na kufungwa katika kitambaa safi yafaa kwa mwanafunzi aendaye mbali au kwa kazi ya shambani, mradi iliwe siku ileile. Ile ya figili haingoji: ipikwe na iliwe papo hapo.