Mwimbaji aliyeikataa sura yake

Kila fundi cherehani wa mpakani anamfahamu mteja wa aina hii. Anaagiza suti, anapimwa, anarudi kujaribu mara kadhaa, na nguo ikiwa tayari anajitazama kwenye kioo na kusema: huyu si mimi. Mwaka 1877 jambo hilo lilitokea Paris, ila kilichoagizwa hakikuwa suti bali picha ya rangi.

Mteja alikuwa Jean-Baptiste Faure, mzaliwa wa Moulins, Ufaransa, mwaka 1830, mwimbaji mashuhuri wa opera. Kwa msomaji asiyeizoea, opera ni tamthilia ambayo wahusika huimba badala ya kuzungumza, huku okestra ikipiga. Mwaka 1868 Faure alikuwa wa kwanza kuimba nafasi ya Hamlet katika opera ya Ambroise Thomas. Tuliosoma ukimbizini tulifundishwa Hamlet wa Shakespeare, mwana wa mfalme anayekufa mwishoni. Hamlet wa Thomas kule Paris hafi. Analipiza kisasi cha baba yake, kisha anatangazwa mfalme.

Faure aliliaga jukwaa la Opera ya Paris mwaka 1876, akataka ukumbusho wa nafasi ile iliyomtukuza. Kazi alimpa Édouard Manet. Hawakuwa wageni kwa kila mmoja, kwani Faure alikuwa pia mnunuzi mkubwa wa picha. Mwaka 1873 alinunua ya Manet iitwayo Le Bon Bock, ya mnywa bia mnene mwenye kiko, kwa faranga 6,000.

Manet hakumchora mfalme. Alichagua dakika ambayo Hamlet anakutana na mzuka wa baba yake: mtu aliyevaa nguo nyeusi, upanga mkononi, amesimama peke yake mbele ya ukuta mtupu wa kijivu, uso umejaa mshtuko. Hakuna kasri wala watumishi. Rangi imepakwa kwa haraka, kama jambo lililoonwa mara moja likapita.

Picha ilipokelewa katika maonyesho makuu ya Paris ya mwaka huo, ambayo yaliikataa picha nyingine ya Manet, Nana. Hata hivyo wachora katuni waliicheka. Faure naye hakuipenda, akaikataa.

Nani alikuwa na haki? Mwenye fedha alitaka aonekane alivyojikumbuka. Mchoraji alitoa alichokiona. Sisi tuliorudi nyumbani tunaijua tofauti hiyo: unarudi na sura uliyoibeba moyoni miaka yote, na jirani anakutazama na kumwona mtu mwingine. Hakuna anayesema uongo.

Hata hivyo naona somo kubwa liko katika yaliyofuata. Wengi wetu, mzigo mmoja ukitukera, tunamfuta mwenye mali katika daftari. Faure hakufanya hivyo. Mwaka 1878 alinunua kwa Manet Le Déjeuner sur l'herbe, picha iliyozua kelele Paris mwaka 1863, ambayo leo ni fahari ya jumba la Orsay. Manet alifariki mwaka 1883, na Faure akaendelea kuhesabiwa miongoni mwa wakusanyaji wakubwa wa kazi zake.

Hamlet aliyekataliwa yuko Essen, Ujerumani, katika jumba la Folkwang. Picha nyingine ya Faure katika nafasi hiyo hiyo, pia ya Manet, iko Hamburg. Mzigo ulikataliwa, biashara ikaendelea.