Je, Wajua? Mgeni na Ardhi ya Tabora

Mgeni hawezi kununua kiwanja Tabora kikawa chake. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 humruhusu asiye raia kupewa ardhi kwa uwekezaji tu.

• Hata raia hutumia ardhi ya umma, iliyo chini ya udhamini wa Rais. Hati ya kiwanja haizidi miaka 99.

• Zamani pia wageni walitegemea ruhusa ya mwenye nchi: karne ya 19, wafanyabiashara wa Omani waliofuata njia ya misafara walijenga nyumba ziitwazo matembe Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, nchi ya mtemi (mtawala wa jadi).

• Mtemi Manwa Sera alipowatoza wafanyabiashara hao kodi ya bidhaa, ugomvi ulizuka. Karibu mwaka 1860 walimng'oa, akatawazwa Mkasiwa badala yake.

• Tembe la Kwihara, karibu na Tabora, alikokaa mpelelezi David Livingstone mwaka 1872, lina kuta nene za udongo na mlango wa nakshi. Leo ni makumbusho.